Waliuita ubaguzi "utani", na sisi tunauitaje?

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (SW), aliyezifanya tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake kwa wenye kujua (30:22). Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake wote, akiwemo Bilal Mhabeshi, Suhaib Mrumi na Salman Mfursi.

Ndugu msomaji, lipo neno ambalo mwenye kudhulumu kwa ulimi hulikimbilia pale anapobanwa. Hasemi "nilikosea". Husema: "Nilikuwa natania tu." Neno hili ni jepesi mno mdomoni, lakini chini yake wamefukiwa watu wengi. Wiki hii napenda tulitazame neno hilo kupitia jambo ambalo vijana wetu wanalifuatilia kila siku, nalo ni michezo ya kulipwa. Nitaanza na kriketi. Najua kwa wengi wenu mpira wa miguu ndio unaojulikana, na kriketi mnaiona ni ya Wahindi pale uwanjani kwao, lakini vumilieni kidogo, kwani kisa chenyewe ni cha ndugu yetu Muislamu.

Azeem Rafiq alizaliwa Karachi, Pakistan, mwaka 1991. Akiwa na umri wa miaka 10 familia yake ilihamia Uingereza, na huko akakua akicheza kriketi mpaka akaingia katika klabu ya jimbo la Yorkshire. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1863. Hadi mwaka 1992 ilikuwa na utaratibu wa kutochezesha mtu ambaye hakuzaliwa ndani ya mipaka ya jimbo. Sasa, katika jimbo hilo hilo kuna miji kama Bradford na Leeds, ambako Wapakistani walikwenda kufanya kazi viwandani miaka mingi iliyopita, wakazaa na kujukuu, na watoto wao wanacheza kriketi katika kila kiwanja cha wazi. Pamoja na hayo, ilipofika mwaka 2004 ndipo kijana wa asili ya Asia aliyezaliwa Uingereza, Ajmal Shahzad, alipovaa jezi ya kikosi cha kwanza cha klabu hiyo. Hesabu mwenyewe miaka.

Rafiq alikuwa na kipaji. Mwaka 2012 aliwahi hata kupewa unahodha katika baadhi ya mechi. Lakini mwaka 2020, akiwa ameshaachana na klabu, alijitokeza na kusema kuwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo alibaguliwa kiasi cha kufikia kuwaza kujiua.

Tarehe 16 Novemba 2021 alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, dunia nzima ikitazama, akaeleza huku akilia. Alisema wachezaji wenye asili ya Asia waliambiwa wakakae kule karibu na vyoo. Alisema neno la kuwatusi Wapakistani lilikuwa likitumika kila mara na hakuna aliyelikemea. Alisema ilikuwapo tabia ya kumwita mtu yeyote asiye mzungu "Kevin", maana yake hata jina alilopewa na wazazi wake halina haja ya kukumbukwa. Na alisimulia jambo ambalo Muislamu akilisikia nywele humsimama: akiwa na miaka 15, katika klabu ya mtaani kwao, alishikwa kwa nguvu akamiminiwa mvinyo kooni. Hakuwa amewahi kuonja pombe. Baadaye, alisema, alianza kunywa kwa hiari yake ili akubalike na wenzake. Hapo tunaona ubaguzi ukimnyang'anya mtu heshima yake, kisha ukimfuata mpaka kwenye dini yake.

Sasa tuje kwenye lile neno letu. Klabu iliunda jopo kuchunguza. Madai yalikuwa 43, na jopo likathibitisha saba. Mwishoni mwa Oktoba 2021 klabu ikatangaza kuwa hakuna mfanyakazi, mchezaji wala kiongozi atakayechukuliwa hatua. Siku chache baadaye vyombo vya habari vikafichua yaliyomo ndani ya ripoti: jopo lilikubali kwamba mchezaji mwenzake alikuwa akimwita kwa lile neno la kuwatusi Wapakistani, lakini likasema hayo yalikuwa ni masihara ya marafiki.

Masihara ya marafiki! Watu wazima, wasomi, wamekaa kitako na karatasi zao, wakaona kwamba tusi la rangi likisemwa huku unacheka linageuka kuwa mapenzi.

Kilichofuata kilikuwa kama moto wa makumbi. Wadhamini waliondoka mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti akajiuzulu. Klabu ikasimamishwa kuandaa mechi za kimataifa. Desemba mwaka huo watumishi 16 wakaondoka kwa mkupuo. Mwaka 2023 klabu ikatozwa faini ya pauni 400,000, sehemu kubwa ikiwa imeahirishwa, na ikakatwa pointi. Mwaka huo huo tume huru ikatoa ripoti kuhusu kriketi yote ya Uingereza na Wales, ikasema wazi kuwa ubaguzi wa rangi, wa kijinsia na wa kitabaka umeenea ndani ya mchezo huo, na chama kinachousimamia kikaomba radhi.

Tusije tukadanganyika lakini. Sehemu ya haraka hiyo ilitokana na fedha. Kampuni haina toba, ina mahesabu. Ikiona jina lake limekaa karibu na uoza, inaliondoa. Hata hivyo, ukweli kwamba mahesabu yamebadilika nao ni habari. Miaka 30 nyuma mdhamini asingepoteza hata mteja mmoja kwa jambo kama hili, na Rafiq angeonekana ni mtu mwenye ngozi laini asiyejua kutaniwa. Kilichobadilika ni macho ya watu wa kawaida.

Angalieni kwenye mpira wa miguu, huko mnakokujua zaidi kuliko mimi. Februari 2006, Samuel Eto'o wa Barcelona alikuwa anacheza ugenini kwa Zaragoza. Mashabiki wakawa wanamlilia sauti za nyani kila anapogusa mpira. Akaamua kutoka. Nani walimzuia? Wachezaji wenzake, wapinzani, mwamuzi, na kocha wake. Wote walimbembeleza abaki, na naamini wengi wao walikuwa na nia njema. Alibaki, mechi ikaendelea, Barcelona wakashinda 2-0. Zaragoza wakatozwa euro 9,000. Katika ligi ile ya mamilioni, hiyo ni kama faini ya kuegesha gari vibaya. Ujumbe aliopewa Eto'o ulikuwa: vumilia, mambo ya kawaida haya.

Linganisha na tarehe 8 Desemba 2020 jijini Paris. Istanbul Basaksehir wanacheza na PSG katika Ligi ya Mabingwa. Mwamuzi wa nne, raia wa Romania, anataka kumwonesha mwenzake ni nani katika benchi la Waturuki anayestahili kadi. Anamtaja kocha msaidizi Pierre Webo, raia wa Cameroon, kwa rangi yake: yule mweusi. Webo akaja juu. Na Demba Ba, Muislamu mwenye asili ya Senegal, akamfuata mwamuzi akamuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake: mbona ukimtaja mzungu husemi "yule mzungu"? Safari hii hakuna aliyembembeleza mtu kubaki. Timu zote mbili zilitoka, wazungu kwa weusi, na hazikurudi usiku ule. Mechi iliendelea kesho yake na waamuzi wapya.

Mwamuzi yule alijitetea kuwa katika lugha yao neno hilo ni jina la rangi tu. Na kweli, katika kamusi ni jina la rangi tu. UEFA walimsimamisha kwa mwenendo usiofaa bila kumtia hatiani kwa ubaguzi. Sitaki kumhukumu moyo wake, mioyo ni ya Allah. Swali la Demba Ba ndilo muhimu, kwani halikuuliza nia ya mtu, liliuliza desturi yake: kwa nini wengine wana majina na wengine wana rangi?

Kisha Mei 2023, katika uwanja wa Mestalla mjini Valencia, Vinicius Junior wa Real Madrid aliwanyooshea kidole waziwazi waliokuwa wakimtukana jukwaani. Juni 2024 mahakama ya Hispania ikawahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi minane kila mmoja na kuwafungia viwanja kwa miaka miwili. Ilikuwa ni hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini humo kwa matusi ya rangi uwanjani. Kutoka euro 9,000 za klabu mwaka 2006 hadi kifungo cha mtu mwenyewe mwaka 2024, kuna safari hapo. Haijafika mwisho, maana Vinicius ametukanwa katika viwanja vingi kabla ya siku ile. Lakini ni safari.

Basi sisi Waislamu tunapoyaona haya huwa tunafanya nini? Tunafurahi, na tunasema: Uislamu uliyasema haya miaka 1,400 iliyopita. Kisha tunasoma aya ya 13 ya Suratul Hujurat, kwamba Allah ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mchamungu zaidi. Aya hiyo inasomwa katika kila kongamano, kila khutba ya umoja, na kila mjadala na wasio Waislamu. Ni haki isomwe.

Lakini ndugu zangu, aya ya 13 ina jirani. Rudi nyuma aya mbili tu. Katika aya ya 11 Allah (SW) anawaita walioamini, siyo wengine, anawakataza watu wasiwadharau watu wengine kwa kuwafanyia maskhara, huenda wanaochekwa wakawa bora mbele Yake kuliko wanaocheka. Akawataja na wanawake peke yao, wasiwacheke wanawake wenzao. Kisha akakataza kutiana aibu, akakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Akaliita jambo hilo ufasiki baada ya imani, na asiyetubu akamwita dhalimu. Ndipo ikafuata aya ya 12 yenye kukataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenya, na baada ya hapo ndipo tukafikishwa kwenye ile tunayoipenda.

Yaani mlango wa kuingilia katika usawa wa wanadamu umewekwa ulimini. Kabla hujatangaza kuwa watu wote ni sawa, funga kwanza mdomo wako usimwite mwenzako jina la kejeli. Lile jopo la Yorkshire lililoona tusi kuwa masihara lingekuwa na aya ya 11 mezani, lisingehitaji miezi yote ile.

Hapa mtu atauliza: sasa ustadhi, utani wote ni haramu? Sisi watu wa nchi hii tumelelewa kwa utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana mpaka msibani, Simba na Yanga ni watani wa jadi, na babu anamwita mjukuu wake mchumba. Jibu ni kuwa utani wa kweli una adabu zake, na wazee waliokuwa nao walizijua. Katika utani pande mbili zinasimama kwenye ardhi moja. Mimi nakusema, nawe unanisema, na hakuna kati yetu mwenye funguo za riziki ya mwenzake. Mtani wako ndiye anayekuja kukuzikia. Je, Rafiq wa miaka 15 aliyeshikwa mikono na miguu angeweza kumrudishia nani? Mfanyakazi wa ndani anayeitwa kwa jina la kabila lake mbele ya wageni, atamrudishia mama mwenye nyumba utani gani? Pasipo na uwezo wa kurudisha hapana utani. Hapo pana mwenye nguvu anayejifurahisha.

Na tusidhani kuwa jambo hili linawapata watu waovu peke yao. Imamu Bukhari amepokea kisa cha Abu Dharr (RA). Mpokezi, Al-Ma'rur, anasema alikutana na Abu Dharr huko Rabadha, akashangaa kuona amevaa mavazi sawasawa na mtumishi wake. Akamuuliza sababu. Abu Dharr hakuanza na nasaha nzuri nzuri. Alisimulia aibu yake mwenyewe: kwamba aliwahi kugombana na mtu akamkejeli kwa mama yake, na Mtume (SAW) akamwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake bado kuna ujahiliya. Kisha akamfundisha kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa. Katika baadhi ya mapokezi imetajwa kuwa aliyetukanwa ni Bilal na kwamba tusi lilikuwa la weusi wa mama yake. Yale ya kuweka shavu lake mchangani ili Bilal alikanyage, yanayopendwa sana na wahadhiri wetu, hayamo katika mapokezi hayo ya Bukhari, na kisa hakiyahitaji. Mavazi yale yanatosha. Sahaba mkubwa, wa mwanzo mwanzo kusilimu, aliambiwa mara moja tu, na miaka mingi baadaye bado anavaa jibu lake mwilini.

Rafiq naye alikuja kuambiwa. Siku mbili tu baada ya kulia mbele ya Bunge, gazeti moja lilichapisha ujumbe alioandikiana na mwenzake kwenye mtandao mwaka 2011, akiwa kijana wa miaka 19 au 20. Walikuwa wanamcheka mtu kwa ubahili wakisema ni tabia ya Kiyahudi. Walikuwa wanatania tu! Rafiq angeweza kusema hivyo. Hakusema. Siku ile ile alikiri, akasema anaona aibu, akawaomba radhi Mayahudi, na baadaye akaenda kukutana na bibi kizee aliyenusurika katika mauaji ya Wanazi. Mwaka 2022 chama cha kriketi kikampa karipio rasmi naye hakubisha.

Wapo watakaosema, Mayahudi nao waombwe radhi, kwa yale wanayofanyiwa ndugu zetu Palestina? Nasema: dhulma ya Palestina ina watendaji wake, na tutaisema kwa majina yao bila kumung'unya maneno. Lakini Allah (SW) ametukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu (5:8), na Mtume (SAW) alisimama jeneza la Yahudi lilipopita mbele yake, na alipoambiwa huyo ni Yahudi akauliza kama hiyo siyo nafsi. Kumcheka mtu kwa uzawa wake hakumsaidii mtoto wa Gaza hata kwa tone la maji.

Lipo neno jingine katika kisa cha Rafiq linalotuhusu sisi wa pwani hii moja kwa moja. Miongoni mwa majina aliyobandikwa, jina lake lilikatwa likafanyiwa kina na neno "kaffir". Muislamu, mtoto wa Muislamu, anaitwa kafiri na watu wasiojua wanachosema! Neno hilo lina safari ndefu. Wafanyabiashara Waarabu katika pwani ya Afrika Mashariki walilitumia kwa watu wa bara waliokuwa si Waislamu. Wareno walipokuja wakalichukua, na kutoka kwao likafika kwa Waholanzi na Waingereza kule kusini. Huko likaacha kabisa kuwa neno la dini, likawa tusi la kila mtu mweusi, awe Mkristo au Muislamu. Afrika Kusini mwaka 2018 mahakama ilimhukumu mwanamke mmoja mzungu kifungo cha miaka mitatu, mmoja ukiwa umeahirishwa, kwa kuwatukana polisi weusi kwa neno hilo mara 48. Neno lililotoka kinywani mwa wafanyabiashara wa mwambao huu lilizunguka karne kadhaa mpaka likamwangukia kijana wa Karachi ndani ya chumba cha nguo huko Leeds. Maneno hayafi, ndugu msomaji.

Na yetu ya leo? Tuyataje, maana kuyaficha hakujatusaidia. Wapo Waislamu wanaoswali nasi safu moja ambao wakirudi nyumbani mtu mweusi ni "golo", ni "mtwana". Wapo wanaosema "mambo ya Kiswahili" wakimaanisha uchafu na uzembe. Na wapo weusi ambao Mhindi yeyote kwao ni "gabacholi", hata awe jirani anayefuturisha mtaa mzima, na Msomali yeyote ni mtu wa kushukiwa. Ukiwauliza, jibu ni lile lile la Yorkshire: tunataniana.

Mtihani mkubwa kuliko wote uko kwenye posa. Mwaka 2023, majuma machache baada ya lile tukio la Valencia, kijana niliyewahi kumfundisha aliposa nyumba moja ya Waislamu hapa mjini. Ni mhandisi, ana kazi, na swala ya alfajiri msikitini kwetu haimpiti. Ni mweusi kama mimi. Mjumbe alirudi na majibu ya adabu sana: "Sisi hatuna neno naye, ila kina bibi hawatokubali, na watoto watakuja kupata tabu." Tabu gani haikuelezwa. Kaka wa yule binti namfahamu. Ni shabiki wa Real Madrid, na wiki ile nilimsikia kwa masikio yangu nje ya msikiti akiwalaani watu wa Valencia kwa machungu ya kweli kabisa. Nasema ya kweli kwa sababu sidhani kama alikuwa mnafiki. Alichokiona Mestalla aliweza kukiita kwa jina lake kwa sababu kilikuwa mbali, na kilisemwa na wazungu. Kilichosemwa sebuleni kwao kilikuwa na jina jingine.

Najua hoja itakayoletwa, na ni ya kielimu, kwa hiyo tuijibu kielimu. Watasema: vitabu vya madhehebu yetu ya Imamu Shafi vinataja kufu, na nasaba ni katika kufu. Ni kweli, imetajwa. Lakini msomeni mwanachuoni mpaka mwisho. Kufu waliyoizungumza ni haki ya binti na walii wake, wanaoweza kuisamehe, na ndoa ikifungwa kwa ridhaa yao ni sahihi. Haikuwekwa iwe amri ya kumrudisha mchamungu. Tena walizungumzia nasaba, hawakuzungumzia kiasi cha weusi wa ngozi wala aina ya nywele. Anayetumia kufu kuficha rangi ameazima kilemba cha fiqhi kufunikia jambo la Jahiliya. Na bibi anayesingiziwa kila posa ya mtu mweusi inapokuja, mara nyingi wala hajaulizwa.

Yupo binti wa Kikureishi, Fatima bint Qays (RA), mwanamke msomi na mwenye nasaba, ambaye kisa chake kiko katika Sahih Muslim. Baada ya eda yake aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, wote ni Makureishi. Akaenda kutaka ushauri kwa Mtume (SAW). Mtume akamweleza kasoro ya kila mmoja, kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Usama alikuwa mtoto wa mwachwa huru, mama yake Ummu Ayman ni Mhabeshi, na weusi wake ulikuwa ukiwafanya baadhi ya watu waitilie shaka hata nasaba yake kwa Zayd. Fatima hakuficha, alisema hakumtaka. Mtume hakumkaripia, alirudia tu: olewa na Usama.

Aliyetusimulia haya si Usama wala si rafiki yake. Ni Fatima mwenyewe, aliyesema kwamba aliolewa naye, Allah akatia kheri ndani yake, mpaka wanawake wenzake wakawa wanamwonea wivu.